Chapa Asilia na Majina ya Watu: Picha za Ranchhod Oza Mbele ya Familia Yake, Zanzibar

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna chapa asilia za mpiga picha Ranchhod Oza (1907–1993), mwasisi wa Capital Art Studio ya Zanzibar, zinavyosomwa zinapotazamwa pamoja na familia yake. Hoja inayotolewa ni kwamba chapa ya studio ina jamaa wa pande mbili, wa aliyepiga na wa aliyepigwa, na kwamba kila upande umeshika sehemu tu ya ushahidi. Msamiati wa Kiswahili wa upigaji picha unachukuliwa kuwa ushahidi wa kihistoria sawa na picha zenyewe.

1. Duka la Shangani

Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwenyewe, Ranchhod Oza, alikuwa na umri wa miaka 23, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika studio ya Gomes, iliyoanzishwa na Mgoa aliyekuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza wa kibiashara mjini humo. Oza alipofariki mwaka 1993 kazi ilikuwa imekwisha kushikwa na mwanawe, Rohit Oza, na duka liliendelea kuwa pale pale Shangani, katika Barabara ya Kenyatta. Kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe: majahazi, milango ya nakshi, vichochoro, baiskeli, watu wa kasri, na mabwana na mabibi waliovaa kwa ajili ya siku ile moja ya kwenda studio.

Watafiti waliofika hapo, miongoni mwao mwanaanthropolojia Pamila Gupta, aliyeandika juu ya baiskeli katika picha za Oza za miaka ya 1950 na baadaye juu ya chumba chake cha giza, hawakufika kwenye hifadhi ya nyaraka yenye katalogi na saa za kufunguliwa. Walifika dukani kwa watu. Picha huletwa na mtu, huwekwa mezani na mtu, na husemewa na mtu. Anayezisemea ni mtoto wa aliyezipiga. Namna hii ya kusoma picha haijapewa uzito unaostahili katika uandishi wa historia ya pwani. Mara nyingi huhesabiwa kuwa mlango tu wa kupitia ili kuzifikia picha, ilhali mazungumzo ya mezani ni sehemu ya hati yenyewe. Picha isiyo na mtu wa kuisemea hubaki na umbo, ikapoteza habari.

2. Kupiga, kupigwa, na upatanisho wa kisarufi

Kabla ya kuingia katika chapa zenyewe, inafaa kusikiliza maneno. Neno la kawaida leo ni picha, lililotoka Kiingereza. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba halikuwa peke yake: sanamu lilitumika kwa kinyago, kwa mchoro na kwa picha ya kamera, na taswira, ambalo leo limehamia zaidi katika uhakiki wa fasihi, lilikuwa na maana ya picha iliyochorwa. Taswira linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotoa sura. Katika Kiarabu sura ni umbo na pia ni picha. Kiswahili kilipolipokea kikaliweka usoni mwa mtu. Msemaji wa Kiswahili anayesema sura ya marehemu baba yake anaitaja picha bila kujua, na wapiga picha wa pwani walifanya kazi yao ndani ya lugha ambayo tayari ilikuwa imeunganisha uso na mfano wake. Jirani zao wa Buganda walipita njia nyingine: ekifaananyi, picha kwa Kiganda, hutokana na kufanana.

Kitenzi ndicho chenye mambo. Kupiga katika kupiga picha hakijeruhi mtu, kama kisivyojeruhi katika kupiga pasi au kupiga mbizi. Ni kitenzi kinachoibeba nomino na kuifanya tendo. Hata hivyo, matumizi yake yana jambo ambalo Kiingereza hakina. Mwenye kamera husema “nimepiga picha”. Mteja aliyekaa kwenye kiti mbele ya pazia naye, akirudi nyumbani, husema “nimepiga picha”. Wote wawili ni watendaji wa kitenzi kimoja. Kauli ya kutendwa, “nimepigwa picha”, ipo, lakini hufaa zaidi pale mtu alipokuwa hakujiandaa au hakuulizwa. Sarufi hii inakubaliana na historia ya studio. Mteja alichagua kanzu na kofia, au joho, au gauni. Alichagua nani asimame na nani akae, na mkono uwekwe wapi. Isolde Brielmaier ameonyesha jambo hilohilo kwa Mombasa, katika utafiti wake juu ya wateja wa N. V. Parekh wa Victory Studio: picha ilikuwa makubaliano ya watu wawili, na mmoja wao alilipa.

Lipo pia jambo dogo la upatanisho linalosikika kila chapa inapotazamwa na jamaa. Mtu hushika karatasi na kusema “hii ni picha ya bibi”. Kidole kikigusa uso, ngeli hubadilika: “huyu ni bibi”. Karatasi imetoka katika I-/ZI- ikaingia katika A-/WA-, na hakuna anayeona ajabu. Mtafiti wa nje husema “hii” tangu mwanzo hadi mwisho. Tofauti hiyo haitokani na hisia pekee. Inaonyesha nani ana haki ya kukitaja kilichomo.

Neno chapa lenyewe linastahili kutajwa, kwa kuwa limetoka katika lugha za India, ambako chhap ni alama iliyogandamizwa au maandishi yaliyopigwa mashine. Kiswahili kililipokea mapema, kikalipa kupiga chapa na kuchapa, likafika hata katika cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Nalo neno mnato, kutoka kunata, limeingia hivi karibuni katika picha mnato, ili kuitofautisha picha iliyotulia na ile inayotembea. Ni istilahi nzuri kuliko nyingi zilizobuniwa mezani, maana inasema hasa picha inachofanya: hunasa, nacho kilichonaswa hakibanduki.

3. Kabla ya 1930

Kamera ilifika Zanzibar mapema. Uvumbuzi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kabla miaka kumi haijaisha msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain ulikuwa umepiga picha za watu na miji ya mwambao huu. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja akiwa njiani kwenda bara na Speke. Masultani nao hawakubaki nyuma: Barghash bin Said alipigwa picha London alipoizuru mwaka 1875, na dada yake, Sayyida Salme, alikuwa amekwisha kupiga picha katika studio ya Hamburg akiwa amevaa mavazi ya Kizanzibari, miaka mingi kabla ya kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886.

Biashara ya studio mjini Zanzibar ilishikwa hasa na Wagoa: Gomes, Coutinho, Dias. Kwa mkono mmoja walipiga picha za wenye nyumba waliozilipia, na kwa mkono wa pili walitengeneza kadi za posta kwa ajili ya abiria wa meli. Tofauti kati ya kazi hizo mbili ni ya msingi. Picha ya mteja iliingia katika nyumba ambamo kila mtu alijua jina la aliyemo. Kadi ya posta iliondoka bandarini na maelezo yanayotaja kabila au kazi: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Salme ana jina kwa sababu alikuwa binti wa Seyyid Said, tena kwa sababu aliandika. Mamia ya wanawake wa kadi za posta hawana, ingawa wao pia walikuwa na mama zao na mitaa yao.

Oza alirithi kazi zote mbili: uso wa mteja na mandhari ya mji. Urithi huo ndio unaoifanya meza ya familia yake kuwa mahali pagumu.

4. Maji na fedha

Karatasi ya picha ya zama za Oza ilipakwa jelatini yenye chumvi za fedha. Mwanga unaopita katika negativu huzigusa chumvi hizo bila jicho kuona lolote. Dawa ya kwanza huidhihirisha picha. Dawa ya pili, thiosulfati ya sodiamu, huondoa chumvi ambazo mwanga haukuzigusa. Kisha maji huiondoa dawa hiyo ya pili. Hatua ya mwisho ndiyo ndefu, na ndiyo inayopuuzwa na mwenye haraka. Chapa isiyooshwa vya kutosha hugeuka njano baada ya miaka. Haishangazi kwamba Kiswahili kimeziita hatua hizi zote kwa jina la ile ya mwisho: picha husafishwa, na kwingine huoshwa. Mteja aliyeuliza kama picha zake zimeshasafishwa alitaja maji, wala hakutaja mwanga. Kwa mji uliopata maji ya mfereji kutoka chemchemi za kaskazini kwa jitihada za Barghash katika karne ya 19, hilo lina historia yake.

Negativu moja hutoa chapa nyingi, na hapa ndipo neno asilia linapopata kazi. Chapa iliyosafishwa mwaka 1955, muda mfupi baada ya kupigwa, na chapa ya negativu ileile iliyotolewa miaka hamsini baadaye, zina mtu mmoja na mkao mmoja, lakini ni hati mbili. Ya kwanza ilikatwa pembezoni kwa jicho la Oza na kwa matakwa ya mteja. Karatasi yake ina uzito na rangi ya bidhaa zilizopatikana wakati ule. Imezeeka kwa namna isiyoigika: fedha hupanda juu katika sehemu nyeusi na kung’aa kama kioo cha buluu chapa ikiinamishwa, unyevu wa kisiwani huacha madoa, gundi ya albamu huacha pembe nne. Nyuma yake huenda kuna mhuri, tarehe, au mstari wa mkono: kwa fulani, kutoka kwa fulani. Upande wa nyuma wa chapa mpya ni mweupe.

Aliyekulia katika studio huanza kusoma chapa upande ambao mgeni hautazami. Huangalia pembe, na namna kivuli kilivyoanguka chini ya kidevu, jambo linaloonyesha taa ilikaa wapi. Huangalia kitambaa cha nyuma, kwa kuwa vitambaa vya studio hubadilishwa, na kitambaa chaweza kutoa tarehe pale ambapo hakuna tarehe nyingine. Huona mahali penseli ilipopita juu ya negativu kulainisha ngozi. Maarifa haya hayapatikani katika vitabu vya historia ya picha, kwa sababu ni ya chumba kimoja. Akiondoka anayeyajua, chapa hubaki na sura, ikapoteza umri.

5. Jamaa wa aliyepigwa

Lakini mtoto wa mpiga picha hajui kila jina. Mpiga picha naye hakuyajua yote: mteja alikuja, akalipa, akaondoka na bahasha. Chapa bora zaidi, zile zilizokubaliwa na kulipiwa, ndizo zilizoondoka dukani. Familia ya mpiga picha hubaki na negativu, chapa za majaribio, chapa zilizotundikwa kuwavutia wengine, na zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hii ni kinaya ya kila studio: hifadhi yake inaeleza vizuri zaidi kile kilichoshindwa kuondoka.

Zanzibar ina sababu ya pekee ya watu kutorudi. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulifuatwa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na maelfu ya Waarabu na Wahindi, na Waswahili wengi pia, waliondoka wakati huo na katika miaka iliyofuata: Dar es Salaam na Mombasa, Uingereza, India, Muscat na Dubai. Albamu haikuwa mzigo wa kwanza wa mtu anayekimbia. Familia ya Oza ilibaki, na studio ikabaki. Hivyo negativu ya nyuso zilizotawanyika katika nchi nyingi ikawa imekaa katika chumba kimoja Shangani, chini ya ulinzi wa watu wasio jamaa zao.

Prita Meier ameonyesha kwamba katika nyumba za pwani picha ilikuwa pia kitu cha kupambia, ikitundikwa kama sahani za kaure zilivyopangwa katika zidaka, na kwamba uzito wake ulikuwa katika uso wake unaong’aa kama katika yule aliyemo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa picha iliyotundikwa sebuleni, ambako mgeni alikaribishwa kuiona. Haitoshi kwa picha iliyofungiwa sandukuni. Heike Behrend ameeleza kwa kina jinsi kuonekana na kutoonekana kulivyobishaniwa pwani ya Kenya, hasa kwa wanawake. Picha ya bibi asiye na buibui, aliyetengeneza nywele na kuvaa gauni la hariri, ilipigwa ili imfikie mume aliye safarini au ikae miongoni mwa dada. Studio iliruhusiwa kuiona kwa kuwa kazi haikuwezekana bila hivyo, kama daktari anavyoruhusiwa.

Kiswahili kina neno la uhusiano huo: amana. Aliyeshika amana hakimiliki kilichomo. Hukitunza mpaka mwenyewe arudi. Tatizo la Shangani ni kwamba wenyewe wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi wakiwa wajukuu. Wapo wanaoingia dukani kutafuta uso wa nyanya yao ukutani. Wanapoupata, pande mbili za ushahidi hukutana kwa muda: mmoja ataje jina, ukoo na mtaa, mwingine ataje miaka ya kitambaa na aina ya karatasi. Ni mkutano unaopaswa kuandikwa neno kwa neno, katika lugha zake zote, maana hutokea mara moja.

6. Chapa mpya na jina lililokatika

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na picha za Zanzibar ya kale zikawa bidhaa ya watalii. Mtu asiyelipa kodi ya fremu ya duka ni mwepesi kulaumu. Studio ya filamu haiwezi kuishi kwa picha za pasipoti katika zama za simu, na chapa zinazouzwa ndizo zinazoziokoa negativu zisitupwe. Majahazi na milango viuzwe, havina wajukuu.

Picha ya mtu ni jambo jingine, na hapo pana hasara ambayo haiwezi kupuuzwa. Mwanamke aliyejilipia picha mwaka 1950, akachagua gauni na kupiga picha kwa maana kamili ya kitenzi hicho, akiuzwa leo bila jina kwa mgeni anayetaka mapambo ya ukuta, anarudishwa katika kadi ya posta. Alitoka katika mkono wa kwanza wa studio, akaingizwa katika ule wa pili. Fasihi ya wasifu ya Kiswahili isingemkubali namna hiyo. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alianza na mtu mwenye jina, wazazi na kijiji, na sauti ikafuata.

Tatizo hili halikomei visiwani. Vitabu vya historia ya picha ya Afrika Mashariki vimeegemea sana studio za pwani na miji mikuu, kwa kuwa huko kuna duka la kuingia na mrithi wa kuuliza. Makongolosi, katika wilaya ya Chunya, ni mji wa dhahabu ya Lupa, iliyowavuta maelfu ya vibarua katika miaka ya 1930. Mahali pa namna hiyo utafiti hauwezi kuanzia studio. Utaanzia sandukuni na ukutani, katika nyumba ambazo chapa zimo na majina yamo, lakini aliyepiga ametoweka. Ni kinyume kamili cha Shangani. Mtafiti aliyezoea meza ya mtoto wa mpiga picha atalazimika huko kugeuza chapa kwanza atazame mgongo wake.

Kwa katalogi, liko badiliko moja linalowezekana bila gharama. Desturi ya hifadhi nyingi ni kuandika kwamba mtu aliyemo katika picha hajulikani. Neno hilo ni la uongo mara nyingi: anajulikana, ila kwa watu ambao hawajaulizwa, walio Muscat au Ng’ambo au mtaa wa pili. Kiswahili kina wakati wa kitenzi unaosema jambo halijatokea na bado linangojewa. Katika safu ya jina, pale ambapo jamaa wa aliyepigwa hawajafika mezani, neno linalofaa kuandikwa ni hajatajwa.